Miguu ya Ghala la Chinunga

Sura ya Sita

Vitalis Ndunguru alipiga tena nyundo. Zege likalia ngee, kama kengele ya misheni, na mkono wake ukafa ganzi mpaka kwenye kiwiko.

"Unaona?" alisema Bwana Ignatio, aliyekuwa amejibanza kwenye kipande cha kivuli cha ukuta. "Saruji hakuna humo, Mkaguzi. Fundi kaiuza yote."

"Saruji ingekuwa haimo, nyundo ingezama."

"Basi ilikuwa kidogo."

"Jana ulisema haimo kabisa. Leo ni kidogo. Nikilala tena hapa, kesho utaniambia ilizidi."

Ignatio akacheka kicheko cha mfanyabiashara, kile cha kuonyesha meno huku macho yanatazama barabara. Barabarani lori lake lilikuwa linapakiwa magunia ya usipa, dagaa wa ziwani. Likijaa litaondoka, lipite Ngumbo, lipande Kitai, lifike Mbinga. Vitalis asipopanda, atabaki Chinunga mpaka lori lirudi, na halirudi kabla ya juma lijalo.

Vitalis alikuwa mkaguzi wa majengo wa halmashauri. Wilaya nzima, kuanzia mashamba ya kahawa ya juu milimani mpaka mchanga wa ziwa huku chini, ilikuwa na mkaguzi mmoja, ndiye huyu. Zana zake zilikuwa nyundo, timazi na futi kamba. Landrova nayo ilikuwepo, lakini ilikuwa juu ya mawe, inangoja tairi. Tairi likipatikana itangoja mafuta. Ndiyo maana mtu huyu mrefu, ambaye ilimbidi kuinama kwenye kila mlango alioukagua, alikuja kuchunguza ghala la Bwana Ignatio akiwa amekalia magunia matupu ndani ya lori la Bwana Ignatio. Jambo hilo lilimkera toka Mbinga, na lilikuwa bado linamkera.

Ghala lenyewe lilikuwa la kisasa. Tangu soko huria liingie, wenye pesa walikuwa wanashuka ziwani kununua usipa kama walivyopanda milimani kununua kahawa, na Ignatio alitaka ghala lenye paa la zege, ili baadaye aweke nyumba ya wageni juu yake. Fundi wake alikuwa Damiano, mtu wa Kitai aliyeoa hapahapa Chinunga. Vitalis alikuja kabla zege halijamwagwa. Alihesabu nondo, akapita chini ya mbao akiinama katikati ya ile mirunda iliyosimama wima kushikilia paa, mingi kama msitu, akamsifu fundi. Kisha akasema mbele ya Ignatio, mbele ya fundi na vibarua wote: "Mirunda hii ndiyo miguu ya paa lenu. Zege bichi halina miguu yake. Isiguswe mpaka nirudi."

Damiano alimfuata hadi kwenye gari. "Bwana Mkaguzi, utarudi kweli?"

"Nitarudi."

Hakurudi. Mafuta hayakuwepo, halafu na tairi likafa. Alikuja kurudi sasa, baada ya paa kuanguka na kumuua kibarua aitwaye Romanus, shemeji yake Damiano, ndugu wa tumbo moja na mke wake. Na Damiano alikuwa amefungiwa katika chumba cha stoo nyuma ya ofisi ya kata. Leo lori hilohilo lingempeleka Mbinga na kumkabidhi polisi, pamoja na taarifa ya mkaguzi. Taarifa ikisema fundi aliiba saruji, Damiano atajibu kesi ya kuua.

Vitalis akachuchumaa kwenye ukingo wa kipande kilichovunjika. Akapitisha kidole. Kokoto zilitokeza nzimanzima, laini, kama mbegu za papai. Upande wa pili palikuwa na vishimo vya kokoto hizohizo. Hakuna hata moja iliyopasuka.

"Njoo uone hapa," akamwita Ignatio.

"Naona mawe."

"Zege likikomaa halafu livunjike, linapasuka na mawe yake. Hili mawe yamechomoka. Lilivunjika likiwa bichi, likaja kukauka likiwa chini. Saruji ilikuwemo. Kilichokosekana ni siku."

"Mimi si fundi, Mkaguzi. Andika unavyojua, lakini upesi."

Vitalis hakuinuka. Alilala kifudifudi, shati na suruali ya ofisini vyote kwenye vumbi, akachungulia chini ya mabamba makubwa ya zege. Watu walikuwa wameinua kipande kimoja tu, kile cha kumtolea marehemu. Vingine vililala vilivyoanguka. Aliona mbao za fomu, zile zilizomwagiwa zege juu yake, zimebanwa. Aliona nondo zimejikunja. Akahamia upande wa pili, akachungulia tena, akainuka na mchanga shavuni.

"Mirunda iko wapi?"

"Ilivunjika. Watu wameokota kuni."

"Waliokotaje chini ya zege lisiloinulika? Humu hamna hata gome."

Ignatio akaitazama tena barabara. Halafu akapata njia. "Basi fundi aliitoa yeye! Si unaona? Aliitoa akaiuza. Nilijua tu yule Mmatengo ana lake."

"Na mimi ni Mmatengo."

"Sikusema nyote," alisema Ignatio, akaondoka kwenda kupigia kelele wapakiaji.

*

Ufukweni wanawake walikuwa wanageuza usipa. Chanja za kuanikia zilipangwa kando ya maji, moja baada ya nyingine, na juu yake samaki wadogo walimeta kama sindano zilizomwagwa. Vitalis alifika kwenye chanja ya kwanza, akaegemeza kiwiko, akachukua usipa mmoja akautafuna. Mahali pa kuegemea palikuwa pazuri, kama kaunta ya duka. Toka asubuhi hakuwa amepata mahali pa kupumzisha mgongo.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia mama mmoja mwenye kitambaa cheusi cha msiba kichwani. Alikuwa Bibi Ottilia, mama wa marehemu Romanus, na pia mama mkwe wa Damiano.

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka. Alikuwa amesimama juu ya jiwe, mikono imeinuka, anageuza samaki.

"Pole sana kwa msiba."

"Tumeshapoa."

"Bibi, nauliza kuhusu mirunda iliyokuwa ghalani."

"Mimi ni mtu wa usipa, baba. Mambo ya ghala waulize wenye ghala."

Akamwendea wa pili. Wa pili alikuwa shambani siku hiyo. Wa tatu alikuwa mgonjwa. Wa nne alisema yeye ni mgeni hapa, na wenzake wakaangua kicheko, maana alizaliwa nyumba ile pale.

"Kijiji kizima kiko ziwani, paa la zege linaanguka katikati ya mchana, na hakuna aliyesikia kitu?" alisema Vitalis. Sauti ilikuwa imempanda.

"Tulisikia," alisema mwanamke mmoja mnene, aliyekuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa ili aifikie chanja yake. Jina lake Edina, na mdomo wake ulijulikana mpaka Liuli. "Tulidhani ni radi. Bwana Mkaguzi, wewe ulivyo mrefu hivyo, acha maswali utugeuzie samaki. Mungu amekupa ngazi bure."

"Mama, mtu atafungwa."

Kicheko kikakatika. Edina akamtazama Bibi Ottilia, halafu akamtazama Vitalis. Akafuta mikono kwenye khanga.

"Kitendawili!" akasema.

"Sina muda wa vitendawili."

"Hata ulichofuata huna muda nacho? Kitendawili!"

Vitalis akapumua. "Tega."

"Ng'ombe wangu amesimama kwa miguu ya jirani, na jirani mwenyewe ameanguka."

Wanawake wakainamisha vichwa. Hakuna aliyecheka.

"Mlevi anayeshikiliwa," alisema Vitalis.

"Umekosa."

"Mtoto mgongoni."

"Mtoto wa nani huyo ambaye mama yake ameanguka? Umekosa. Nipe mji."

"Chukua Mbinga."

"Nimekwenda Mbinga," akaanza Edina, akiweka mikono kiunoni juu ya kinu chake, "nikapokelewa vizuri, nikanywa kahawa yao chungu, nikamkuta mkaguzi hayupo, gari lake limekalia mawe, nikarudi zangu Chinunga, nikakuta—"

"Edina!" Sauti ya Bibi Ottilia ilikuwa ndogo, lakini ilikata. "Usipa wako unaungua."

Edina akafunga mdomo. Akageukia chanja yake, akageuza samaki waliokuwa wamegeuzwa tayari. Vitalis alingoja. Alingoja tena. Walichompa ni migongo tu.

*

Mlango wa stoo ulilindwa na mgambo aitwaye Nicholaus, kijana wa Liuli mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake. Karibu na mguu wake palikuwa na bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Chakula cha nani?"

"Cha mahabusu. Bibi Ottilia analeta kila siku. Anakiweka pale kwenye kona, anageuka, anakwenda. Wala hafiki mlangoni."

Vitalis akafunua. Ugali wa muhogo, usipa wa kukaanga uliotiwa nyanya. Chakula cha mtu anayependwa. "Mtu aliyemuulia mwana, anamkaangia usipa?"

"Na mimi nilishangaa, Mkaguzi. Lakini nani atamuuliza?"

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mbolea ya chumvichumvi. Damiano alikuwa amekaa juu ya gunia, magoti yamekutana na kidevu. Alikuwa amekonda mpaka shati lilimning'inia kama la kuazima.

"Fundi, mirunda ilitolewa kabla ya wakati."

Damiano akakwaruza gunia kwa ukucha.

"Nani aliitoa?"

"Mimi ndiye fundi."

"Sikukuuliza kazi yako."

"Andika ni mimi."

"Siku paa lilipoanguka ulikuwa Kitai kwa seremala wa milango. Nilipita pale, nimesema naye. Anasema mlibishana juu ya bawaba mpaka jua likazama."

"Basi andika niliagiza."

"Ulimwagiza nani?"

"Marehemu."

Vitalis akagonga ukuta kwa ngumi. "Damiano! Mtu aliyenifuata mpaka garini, akaniuliza kama nitarudi kweli, leo ananiambia aliagiza mirunda itolewe kabla sijarudi? Unanichezea? Nimelala hapa, nimelala kwenye vumbi kama mjusi, najaribu kukutoa, na kila mdomo wa kijiji hiki umefungwa, na wewe wako umefungwa kuliko yote!"

Damiano akamtazama kwa mara ya kwanza. "Bwana Mkaguzi, umeoa?"

"Nimeoa."

"Mama mkwe wako unamwita jina?"

"Nitawezaje?"

"Mkikutana njiani?"

"Nakaa pembeni apite. Nainamisha macho. Kwani ninyi hapa mnafanyaje?"

"Hivyohivyo." Damiano akarudisha kidevu kwenye magoti. "Basi usiniulize tena."

Vitalis alidhani mtu huyo analia msiba wa ukweni. Akamwacha.

Nje honi ya lori ilikuwa inapigwa. Ignatio alisimama karibu na dereva, amefurahi kama mtu anayesindikiza wageni waliokaa sana. Yeye angebaki, usipa ulikuwa bado unaingia. "Safari njema, Mkaguzi. Umeshaandika?"

"Nitaandika njiani."

"Andika saruji. Ni neno fupi."

*

Njia ya Ngumbo ilikuwa mawe na mashimo, na Vitalis alikuwa juu ya magunia, kalamu mkononi, karatasi kwenye goti. Pembeni yake alikaa Damiano, mikono imefungwa kamba, na Nicholaus ameshikilia ncha ya kamba kama mtu anayempeleka mbuzi mnadani, huku mwenyewe akiona haya. Vitalis aliandika: *Zege lilianguka likiwa bichi baada ya mirunda kuondolewa na.* Hapo kalamu ikasimama. Na nani? Akifika Mbinga bila jina, jina la fundi litajazwa lenyewe.

Ngumbo lori lilisimama kuongeza mzigo. Vitalis akashuka kunyoosha miguu, akaenda ufukweni. Kulikuwa na chanja huku nako, na wanawake wanageuza samaki. Akaikaribia moja, akashusha kiwiko chake aegemee.

Kiwiko kikakosa. Vitalis akapepesuka, akajigonga goti kwenye mti wa chanja, usipa ukaruka huku na huko.

"Jamani, huyu vipi! Amekunywa?"

"Samahani, mama." Aliinama kuokota samaki. Ilimbidi ainame mpaka mgongo ukalia. Na hapo, akiwa ameinama, usipa kiganjani, akaganda. Akawatazama wale wanawake. Walikuwa wamesimama mchangani miguu mitupu, chanja ziko usawa wa viuno, mikono inakwenda mbele na nyuma bila taabu, kama wanaopepeta mchele. Hakuna jiwe. Hakuna kinu.

"Mama, mbona chanja zenu ni fupi?"

"Fupi? Chanja ndiyo hii. Wewe ndiye umezidi."

"Kule Chinunga zinanifika hapa." Akaonyesha kifua chake.

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. "Chinunga wanamkaushia nani, twiga?"

"Labda wanaogopa mbwa."

"Mbwa wa Chinunga wana mabawa?"

"Subirini," alisema Vitalis. "Nieleze, mama. Ukitaka kutengeneza chanja, ukapata mti mrefu, unafanyaje?"

"Nakata. Si nina panga?"

"Na ukiwa huna panga?"

"Naazima panga, naukata. Nisimame juu ya jiwe kutwa nzima kama kuku? Kwa nini?"

"Ndiyo ninalouliza. Kwa nini usiukate?"

Mama akafikiri, usipa mkononi. "Labda kama mti si wangu," alisema. "Labda kama nimeuazima, nitaurudisha."

Vitalis alirudi kwenye lori anakimbia nusu, anatembea nusu. Mambo yalikuwa yanaingia mahali pake moja baada ya jingine, kama matofali mkononi mwa fundi mzuri. Chanja za Chinunga zilichimbiwa chini kadiri mchanga wa ziwa unavyoruhusu, maana ukichimba zaidi ya mkono maji yanapanda na shimo linaziba. Kilichobaki juu kilibaki juu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukikata. Na yeye, kwa urefu wake, aliegemea ushahidi akautafunia samaki, akaona ni kaunta.

"Nicholaus, shukeni. Tunarudi."

Dereva akatoa kichwa. "Mkaguzi, mimi sirudi nyuma. Na safari nyingine ni juma lijalo."

"Nenda salama."

Aliyegoma kushuka ni Damiano. Alijishikiza kwenye magunia kwa mikono yake iliyofungwa. "Bwana Mkaguzi, nakuomba. Twende Mbinga."

"Unajua tunarudi kuangalia nini?"

Macho ya Damiano yakajaa maji.

"Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu," alisema Nicholaus, akimvuta taratibu, "naona mahabusu anaililia jela."

*

Walitembea kando ya ziwa, viatu mkononi, wakafika Chinunga jua likiwa limeinama lakini bado lina nguvu. Wanawake walikuwa wanakusanya usipa uliokauka. Ignatio alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, anakagua gunia. Alipowaona akasimama.

"Gari limeharibika?"

Vitalis akampita. Alikwenda moja kwa moja kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Mama Edina. Kitendawili chako."

"Ulishatoa mji, baba."

"Nirudishie Mbinga yangu, naihitaji. Ng'ombe ni chanja. Jirani ni ghala."

Edina akashuka kwenye kinu polepole. Hakusema amepata wala amekosa. Akavuta khanga akajifunika mdomo.

Vitalis akasogeza usipa pembeni kwa uangalifu, akafungua kamba za mti mmoja wa kona, akautikisa, akaung'oa. Ulitoka mchangani mrefu, mrefu, watu wakiutazama kama nyoka anayetoka shimoni. Juu kwenye kichwa chake palikuwa na rojo la saruji lililoganda kijivu, na matundu ya misumari palipopigiwa mbao.

"Shika," akamwambia Nicholaus.

Wakaupeleka ghalani, kijiji kikifuata nyuma. Ukuta mmoja ulikuwa bado umesimama, na juu yake ilionekana alama ya mahali mbao za fomu zilipokalia. Nicholaus akausimamisha mrunda sakafuni. Vitalis akaweka kipande cha ubao juu yake. Ubao ukaingia kwenye alama ile bila kuacha nafasi hata ya kupitisha ukucha.

"Wezi!" Ignatio ndiye aliyepiga kelele wa kwanza. "Mirunda yangu! Mgambo, unaona? Wameiba mirunda yangu, wameangusha ghala langu! Wakamate hawa wanawake wote!"

"Mwizi huwa anakata," alisema Vitalis. "Anakata ili mali isijulikane. Hawa wamehangaika juu ya mawe na vinu wasiikate. Mwizi gani anatunza urefu? Hii iliazimwa, Bwana Ignatio. Na wa kuiazimisha ni mmoja tu, maana fundi alikuwa Kitai."

"Shahidi wako nani? Huo mti unasema?"

Vitalis akageukia watu. "Mti umesema mpaka hapo. Kilichobaki aseme mtu."

Wakatazama chini. Wazee wa kiume walikohoa. Edina alifungua mdomo, akaufunga, akatazama kitambaa cheusi cha Bibi Ottilia. Hasira ikampanda Vitalis: ushahidi uko mkononi, umesimama wima kwenye alama yake, na bado atarudi Mbinga na mti usio na mdomo.

"Mnajua nitaandika nini?" akasema. "Mirunda ilitolewa, aliyeruhusu hajulikani. Na polisi watasoma, na watamwuliza fundi, na fundi atasema ni mimi, kama alivyoniambia mimi. Mfungeni basi. Mfungeni kwa midomo yenu hiyo iliyonyamaza."

Damiano alikuwa amesimama pembeni na kamba yake, ameinamisha uso. Bibi Ottilia akaanza kutembea. Watu wakampisha. Badala ya kwenda kwa Vitalis au kwa Ignatio, alikwenda kwa mkwe wake, na Damiano, alipoiona ile miguu inakuja, akarudi nyuma akageuza uso upande, kama mkwe anavyotakiwa.

"Damiano," alisema bibi. Alimwita jina. Wanawake wakashtuka. "Niangalie."

"Mama, hapana."

"Nimesema niangalie. Mwanangu mmoja amekwenda. Wa pili sitamtoa kwa ajili ya heshima."

Damiano akainua uso. Wakatazamana, mtu na mama mkwe wake, machoni, mbele ya kijiji kizima.

"Usipa uliingia mwingi," alisema Bibi Ottilia, bila kuacha kumtazama. "Zamani tulianika mchangani. Huyu Ignatio akasema usipa wenye mchanga hanunui, anataka wa chanja. Miti tutoe wapi sisi, watu wa muhogo? Akaniambia, 'Mama, ghalani kwangu kuna miti imesimama bure, zege limeshakauka. Chukueni, ila msiikate, nitaihitaji.' Nikamwita Romanus atutolee. Romanus akasema, mama, shemeji amekataza, na mkaguzi amekataza. Nikamwambia mwenye ghala amesema. Mimi mama yake nikamwambia hivyo. Akaingia. Akawa anatutupia nje mmoja mmoja, sisi tunapokea, tunapiga vigelegele." Akakaza fundo la kitambaa chake cheusi. "Wa mwisho hakuutoa."

"Nami nilipokea," alisema Edina. "Na maneno ya Ignatio niliyasikia kwa masikio haya."

"Nami nilisikia." Ni yule aliyesema ni mgeni.

"Nami."

"Tulinyamaza kwa ajili ya Bibi," alisema Edina. "Tungesema mirunda, tungesema yeye ndiye aliyemtuma mwanawe."

Vitalis alikuwa ametoa karatasi yake. Ile sentensi iliyokatika ilikuwa palepale. Akaimalizia, akaweka nukta.

"Bwana Ignatio, niliposema isiguswe, ulikuwa umesimama wapi?"

"Maneno ya wanawake wa usipa!" Ignatio alikuwa ametokwa jasho. Alikimbilia kwenye gunia lake akaliwekea mkono, kama mtu anayeshika biblia. "Haya, shuhudieni. Kesho mtamuuzia nani? Eh? Nani mwingine ana lori? Mtakula wenyewe hayo madudu mpaka mvimbe!"

Nicholaus akakata kamba mikononi mwa Damiano, halafu akabaki nayo, hajui aiweke wapi, akamtazama Ignatio, akaona pa kuiweka.

Bibi Ottilia alikuwa ameshageuka. Alikwenda kwenye chanja yake, akapanda juu ya jiwe lake kwa mara ya mwisho, akaanza kufungua kamba. Chanja ikainama upande. Usipa wote, mkavu, mweupe, safi, ukamiminika mchangani kama maji.

"Mama! Mchanga!" alipiga kelele Ignatio. "Unaingiza mchanga!"

Edina akafungua ya kwake. Ikamiminika. Na jirani yake. Na jirani wa jirani.

Bibi Ottilia akaukokota mrunda wake juu ya samaki, ukichora mstari mchangani, mpaka alipokuwa Vitalis. Akauangusha miguuni pake.

"Pima, mwanangu," akasema. "Na huu upime."